Senti tano za Mauch Chunk

Wapenzi wengi wa riadha wanamjua Jim Thorpe. Mimi nilikutana naye kwanza kwenye picha ambayo kocha wetu wa mkuki aliibandika kwenye mlango wa stoo ya vifaa: kijana mwenye kifua kipana, kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, miguuni viatu viwili visivyofanana na soksi zisizolingana. Viatu vyake vilikuwa vimepotea, akavaa alivyopata. Kocha alitwambia tuitazame kila tunapotaka kulalamika kwamba mikuki yetu imechakaa. Thorpe alishinda dhahabu mbili kwenye michezo ile, ya michezo mitano na ya michezo kumi. Mwaka uliofuata akanyang'anywa zote kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli, na Olimpiki ya siku zile haikuruhusu wanamichezo wa kulipwa, na alifariki mwaka 1953 bila kurudishiwa. Familia ilikabidhiwa nakala za medali mwaka 1983, na ikabidi kusubiri hadi Julai 2022 ndipo kumbukumbu za Olimpiki zikamtaja tena kuwa mshindi pekee.

Nasimulia haya ili ueleweke moyo niliokuwa nao nilipoanza kusoma habari za mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, unaoitwa Jim Thorpe. Nilitaka kuupenda kwa ajili yake. Naupenda kweli, ila kwa sababu nyingine. Kadiri nilivyosoma, ndivyo shujaa wangu alivyozidi kusogea pembeni na wakaja mbele watu ambao picha zao hazikubandikwa kwenye mlango wa stoo yoyote: wakazi wa mahali hapo, ambao kabla ya kumpata mtu maarufu walikuwa wakichangishana senti tano kila wiki.

Jina la zamani ni Mauch Chunk. Ni mji uliobanwa kwenye bonde la mto Lehigh, milima imeusonga kila upande, nyumba zimesogezana kufuata mkunjo wa barabara kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kujenga. Uliinuliwa na makaa ya mawe. Mwaka 1827 ilifunguliwa reli ya kuteremsha makaa kutoka mgodini hadi mtoni, na reli hiyo haikuwa na injini: mabehewa yaliteremka mlima kwa uzito wake yenyewe, kisha nyumbu wakayakokota kurudi juu. Wakati wa kushuka nyumbu nao walikuwa na behewa lao, wakateremka pamoja na mzigo. Jambo hili dogo lanifurahisha kupita kiasi. Kuna mtu alikaa akafikiri namna ya kumrudisha mnyama chini bila kumchosha. Baadaye makaa yalipopata njia nyingine, reli ile ikageuzwa ya kubeba watalii, watu wakitoka miji mikubwa kuja kushuka mlima kwa kasi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Hapo ndipo alipoishi Asa Packer, aliyeanza kama fundi seremala, akatengeneza mashua za mferejini, akajenga reli yake, na mwaka 1865 akaanzisha Chuo Kikuu cha Lehigh. Jumba lake la mwaka 1861 bado limesimama mlimani juu ya mji. Binti yake, Mary, alifariki mwaka 1912 akauachia mji jumba hilo pamoja na vilivyomo. Mwaka huohuo Thorpe alikuwa Stockholm na viatu vyake visivyofanana. Mwaka 1881 wakazi walipata jengo lenye soko chini na ukumbi wa maonyesho juu. Mwaka 1888 kikaja kituo cha treni ambacho mpaka leo ni kizuri kutazamwa. Nisiwasifu kana kwamba hawakuwa na doa: Juni 1877, katika gereza la mji huo, wanaume wanne wa asili ya Ireland walinyongwa kwa mauaji, wakidaiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la wachimba makaa, Molly Maguires, kwa kesi ambazo wanahistoria wengi wanaziona zilikuwa za aibu. Mji ulibeba hilo pia. Lilikuwa lake, kama lilivyokuwa lake soko na reli.

Kisha nchi ikaanza kupasha nyumba joto kwa mafuta na gesi. Migodi ikafifia, vijana wakahama. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 Mauch Chunk na jirani yake wa ng'ambo ya mto, Mauch Chunk ya Mashariki, zilikuwa sehemu mbili maskini ambazo hazikupendana, kila moja na halmashauri yake.

Sasa ndipo anapoingia mhariri wa gazeti la mji, Joe Boyle. Pendekezo lake lilikuwa jepesi kueleza: kila mkazi atoe sarafu moja ya senti tano kila wiki, fedha ziwekwe kwenye mfuko wa kuvutia viwanda. Piga hesabu. Senti tano kwa wiki hamsini na mbili ni dola 2.60 kwa mwaka. Hakuna aliyekuwa maskini kiasi cha kushindwa, na hakuna tajiri aliyeweza kusema mji huu ni wangu kuliko wako. Watu walitoa, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, wakiingiza kwenye mfuko mmoja. Nimesoma habari nyingi za wafadhili wakubwa, lakini hii ndiyo inayonifanya nivute kiti karibu. Mji uliochoka, usiopendana, umekubaliana kiwango ambacho hata mzee anayeishi kwa pensheni anaweza kukitoa bila kuombewa msamaha.

Habari hiyo ikafika kwenye televisheni huko Philadelphia, na mjane wa Thorpe, Patricia, akaipata.

Hapa inabidi nirudi kwa shujaa wangu. Thorpe alifariki California mwezi Machi 1953. Alikuwa mtu wa taifa la Sac and Fox, moja ya mataifa ya Wamarekani wa asili, na mwili ulirudishwa Oklahoma alikozaliwa. Mazishi ya kimila yalikuwa yameshaanza pale mjane, mke wake wa tatu, alipofika na kuuchukua mwili. Mpango wa kumjengea kumbukumbu Oklahoma ulikwama gavana alipokataa kuidhinisha fedha. Mjane akawa anatafuta mahali atakapomzika mumewe kwa heshima inayolingana na jina lake. Alipowakuta watu wa Mauch Chunk na sarafu zao, aliwapa pendekezo: nitawapa mwili, nanyi mtaunganisha miji yenu miwili, mtajenga kaburi, na mtauita mji Jim Thorpe.

Thorpe hakuwahi kuishi pale. Alisoma katika jimbo hilo, kwenye shule ya Carlisle waliyopelekwa watoto wa Wamarekani wa asili ili wafutwe lugha na mila zao, lakini Mauch Chunk haikuwa sehemu ya maisha yake. Mei 1954 wakazi walipiga kura wakakubali. Mwaka 1957 likazinduliwa kaburi la graniti nyekundu kando ya barabara, na juu yake maneno yanayohusishwa na mfalme Gustaf wa tano wa Uswidi, kwamba yeye ndiye mwanariadha mkuu kuliko wote duniani. Udongo ulikuwa umeletwa kutoka Oklahoma na kutoka uwanja wa Stockholm.

Siwatukani waliopiga kura ile. Ningekuwa baba mwenye watoto watatu na mgodi umefungwa, labda ningepiga kura ya ndiyo asubuhi na mapema. Yalikuwapo matumaini ya hospitali yenye jina lake, na ya jumba la kumbukumbu za mpira wa miguu wa Kimarekani. Na kuna jambo zuri kabisa lililotoka humo: miji miwili iliyochukiana iliungana. Lakini nauliza kilichoipata ile senti tano. Mfuko ulikuwa unamfanya kila mkazi ajiulize wiki hii ametoa au hajatoa. Jina jipya liliwaachia kazi moja tu, kusubiri mgeni aje alitazame. Na mgeni hakuja, au alikuja kidogo, akasimama kando ya barabara dakika chache, akapiga picha, akaondoka. Hospitali haikujengwa. Katika miaka ya 1960 waliochoka walijaribu kulirudisha jina la zamani kwa kura, wakashindwa.

Jumba la mpira lilikwenda Canton, Ohio, na hapo pana somo ambalo watu wa michezo tungelisoma vizuri. Thorpe alichezea timu ya Canton. Mwaka 1920, ligi ya kulipwa ilipoanzishwa katika mji huo, alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Canton haikuhitaji kumnunua. Desemba 1959 gazeti la mji liliandika kwamba jumba la mpira linastahili kuwa hapo, wakazi na viwanda vyao wakachangishana zaidi ya dola 370,000, na mwaka 1963 jumba likafunguliwa. Mgeni akiingia anapokewa na sanamu ya Thorpe akikimbia na mpira. Ni mtu yuleyule, umaarufu uleule. Tofauti ni kwamba watu wa Canton walikuwa wanasimulia jambo lililowatokea wao.

Mfano mwingine wa wakati ule unaniuma zaidi, kwa sababu hapakuwa hata na mfu wa kuheshimiwa. Huko New Mexico palikuwa na mji unaoitwa Hot Springs kwa ajili ya chemchemi zake za maji moto. Maji yale yalikuwa na kazi kubwa. Mwaka 1937 ilifunguliwa hospitali ya watoto waliopooza kwa polio, na iliwekwa pale makusudi ili watoto waingizwe kwenye maji moto, viungo vilegee, wafundishwe tena kutumia miguu. Mji unaoweza kusema watoto wa jimbo zima wanaletwa kwetu wasimame, unataka sifa gani nyingine?

Mwaka 1950 mtangazaji wa redio Ralph Edwards alitangaza kwamba mji utakaokubali kujiita kwa jina la kipindi chake, Truth or Consequences, ndio atakaokwenda kurushia matangazo ya kuadhimisha miaka kumi ya kipindi. Kilikuwa kipindi cha mchezo wa maswali: ukishindwa kujibu, unafanyishwa kituko. Wakazi wa Hot Springs walipiga kura siku ya mwisho ya Machi, wanaotaka wakawazidi wasiotaka kwa mbali, na kesho yake Edwards akarusha matangazo akiwa mjini kwao. Haki yake nimpe: hakuwatupa. Alirudi karibu kila mwaka kwa miaka hamsini hivi, akashiriki sherehe zao. Waliopinga walilazimisha kura nyingine miaka ya 1960, wakashindwa tena. Hospitali ilihamia Albuquerque mwaka 1981. Kipindi kilishakwisha, mtangazaji ameshafariki, jina limebaki kwenye mabango ya barabara kuu, na maji moto yanaendelea kutoka ardhini kama zamani. Watu wanaokwenda huko leo wengi wanakwenda kuoga.

Nimezitazama kura hizi mbili, ya 1950 na ya 1954, na naona zina chanzo kimoja. Redio na televisheni ziliingia sebuleni mwa watu wa miji midogo na kuwaonyesha kwamba mambo yanatokea kwingine. Kabla ya hapo, mtu mkubwa katika mji alikuwa ni yule aliyejenga daraja, aliyefundisha watoto wa mtaa mzima, aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ya mji. Ulimwona sokoni. Ukubwa wake uliweza kuupima kwa macho, na ukimwona amekosea ungemwambia. Ukubwa wa mtu wa redioni haupimwi na yeyote unayemfahamu. Unaupokea tu ulivyoletwa.

Lakini angalia kwamba Mauch Chunk na Canton zote zilianza na gazeti la mji. Jambo hili naliona ndilo kiini, na sioni likisemwa vya kutosha. Mchango wa senti tano hauwezi kuishi bila mahali pa kuandika wiki hii tumefikia wapi. Mtu anatoa kwa sababu jirani yake atasoma kwamba mtaa wao haukubaki nyuma. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na mengi yaliyokufa ni yale ya kila wiki ya miji midogo, yaliyoandika kikao cha halmashauri, matokeo ya timu ya shule, bomba lililopasuka na nani alilitengeneza. Kilichokuja badala yake kwenye simu ni video ileile ya mtu maarufu yuleyule, inayoonekana kila mahali duniani saa hiyohiyo. Watu hawakuacha kuupenda mji wao kwa sababu wamekuwa wabaya. Kioo walichokuwa wakijiona ndani yake kimeondolewa.

Na umaarufu wenyewe si lazima uue. Plains, Georgia, ni kijiji cha watu wasiofika 600. Jimmy Carter alitoka pale kwenda kuwa rais wa Marekani, na mwaka 1981 alipomaliza alirudi palepale, akafundisha shule ya Jumapili kanisani hadi uzeeni, akafariki hapohapo Desemba 2024. Wageni walijaa kwa ajili yake, hilo halina ubishi. Lakini makumbusho yake yamo ndani ya shule ya zamani ya kijiji, na alipoapishwa mwaka 1977 alimtaja mwalimu wake wa shule hiyo, Julia Coleman, mbele ya taifa zima. Mwaka 2002 akipokea tuzo ya Nobel akamtaja tena. Mgeni anayekuja kumtafuta rais anaelekezwa darasani kwa mwalimu. Sanamu haiwezi kufanya hivyo, wala mtangazaji asiyetoka pale.

Nirudi bondeni Lehigh, maana nilisema naupenda mji ule. Mwaka 1956, wakati kaburi la Thorpe likisubiriwa lilete wageni, wanachama wa Klabu ya Lions ya mji walilifungua kwa umma jumba la Packer. Lilikuwa limefungwa tangu Mary alipofariki, miaka arobaini na minne, samani zikiwa zilezile. Walilisafisha, wakaanza kutembeza watu. Miaka ya 1970 wakazi wengine wakaushughulikia ule ukumbi wa 1881, ambao ulikuwa umeshageuzwa ghala, na sasa muziki unapigwa humo tena. Kituo cha treni cha 1888 kinapokea wageni. Mji una watu kama 4,500, na wikiendi za majani kugeuka rangi huwezi kupata pa kuegesha gari. Wanakuja kuona nyumba za kale, bonde, mto, treni ya kupita korongoni. Kaburi lipo nje kidogo, barabarani, na wanaofika huko ni sehemu ndogo yao. Kilichouokoa mji ule ni vitu ambavyo watu wake walikuwa navyo siku waliyopiga kura.

Na Thorpe? Mwaka 2010 mwanawe Jack alifungua kesi akitaka mifupa ya baba yake irudishwe Oklahoma, chini ya sheria ya 1990 inayolinda makaburi ya Wamarekani wa asili. Alisema mazishi hayakukamilika, roho ya baba yake bado inatangatanga. Jack alifariki mwaka uliofuata, ndugu zake na taifa la Sac and Fox wakaendelea. Mwaka 2013 jaji alikubaliana nao. Oktoba 2014 mahakama ya rufaa ikatengua, na mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikakataa kuisikiliza. Familia nayo iligawanyika, wapo wajukuu waliotaka abaki pale alipotunzwa kwa miaka mingi. Nawaheshimu, na najua wakazi wamelitunza kaburi lile kwa moyo.

Hata hivyo nasimama na Jack. Mtu aliyenyang'anywa lugha yake Carlisle na medali zake mwaka 1913 asingenyang'anywa pia mazishi yake ili mahali asipopajua papate wageni. Halmashauri ina uwezo wa kumwachia bila kulazimishwa na mahakama yoyote, na nadhani wajukuu wa wale waliopiga kura mwaka 1954 wangeweza kulifanya hilo kwa heshima, gari la mazishi likasindikizwa na mji mzima. Graniti ile nyekundu ibaki ilipo. Wachonge juu yake jina la Joe Boyle, na chini yake wakazi wa pande zote mbili za mto waliotoa senti tano.